Mtu wa Ndani

"Sasa huyu wa ndani, utamfunga miaka mingapi?"

Profesa aliuliza huku akifuta miwani kwa ncha ya tai yake, na mimi, badala ya kumtazama yeye, nikamtazama mama. Alikuwa ameketi safu ya nyuma kabisa, karibu na dirisha, mkoba mapajani. Hakuwa amewahi kukanyaga chuo kikuu. Alikuja kuniona nikitetea tasnifu yangu, na dakika tano kabla alikuwa bado anatabasamu.

Nikiikumbuka miaka ile najionea wivu mwenyewe. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana tulikutana chumba namba kumi na mbili, watu tisa kwenye viti vya kukunja, chini ya feni iliyotikisika mpaka tukawa tunagombania kukaa pembeni. Tulibishana juu ya jinai kana kwamba magereza yote yanasubiri uamuzi wetu. Aliyeiba kwa njaa aadhibiwe? Adhabu ni ya kumrekebisha mtu, au ya kumwonjesha alichowatendea wengine? Profesa tulimwita Lakini, maana hakuna mwanafunzi aliyemaliza sentensi bila yeye kuinua kidole na kusema, "Lakini…" Tulimpenda, jamani. Siku akishindwa hoja, na ilikuwa nadra, alicheka mpaka machozi, kisha akamfuata aliyemshinda na kumpa mkono. Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha katika chumba kile. Feni ni mpya, wanafunzi wana adabu kupita kiasi, na raha ile siioni.

Mimi na Lakini tulikuwa na ugomvi wetu mmoja uliodumu miaka mitatu. Yeye alishikilia kwamba sheria humwadhibu mtu kwa alichokifanya. Asiyefanya kitu, hata awe mwoga kiasi gani, aachiwe dhamiri yake. Mimi nikasema thubutu! Anayejua mwenzake anauawa, akakaa kimya, naye ana hatia.

"Una kichwa kigumu, binti," alikuwa akiniambia. "Haya, andika tuone."

Nikaandika kurasa mia mbili na themanini, na zote zilisimama juu ya mfano mmoja. Mwanamke anapigwa na mumewe mchana kweupe. Anakimbilia kwa jirani, anagonga mlango. Aliye ndani anamsikia, anamtambua, na badala ya kufungua anasukuma komeo. Mwanamke anauawa pale pale mlangoni. Wenzangu waliusifu sana. Wee, umeutoa wapi huo?

Nilikuwa na miaka saba. Aliyegonga alikuwa jirani yetu, mama mcheshi aliyenisuka nywele kila Jumapili, na aliyesukuma komeo alikuwa mama yangu. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye komeo, wa pili umeniziba mdomo. Yule mume alikuwa na panga, na kila mtu mtaani alijua kwamba mwezi uliotangulia alimkata mtu aliyejaribu kuwaamua. Kwa mauaji yale alifungwa maisha. Mama hakuna aliyemuuliza chochote, hata mimi. Tuliishi nalo miaka ishirini bila kulitaja.

Ila ndani ya tasnifu hapakuwa na mtoto. Nilimtoa. Sisi watu wa sheria tunapenda mfano msafi, na ukimwacha mtoto ndani ya nyumba hoja inaanza kuyumba, msomaji anamhurumia mwenye komeo, na Lakini hakuachi hai. Basi nikajifuta mwenyewe, nikajiambia huo ndio usomi. Kuhusu mama nilijidanganya kwamba maneno ya kitaalamu yatampita juu. Kumbe Lakini angeniomba niueleze mfano ule kwa maneno ya kawaida, "kwa faida ya wazazi waliotutembelea." Nikaueleza, na tabasamu la mama likazimika.

"Miaka miwili," nikajibu.

"Lakini," akasema, na watu wakacheka kwa mazoea. Yeye hakucheka. "Mle ndani hapakuwa na mtu mwingine? Mtu ambaye huyo wa ndani alikuwa akimlinda, labda?"

Neno moja tu lilitosha. Ningesema "mtoto," mama angetoka mle ukumbini hana hatia, na tasnifu yangu ingepasuka katikati mbele ya jopo zima. Mama alikuwa akinitazama moja kwa moja. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri nitamke.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa peke yake."

Mama akainama, akaanza kupekuapekua mkoba wake kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Nikafaulu. Profesa Lakini akaja kunipa mkono, macho yamejaa machozi ya kicheko. "Umenishinda, binti!" Miaka mitatu niliutamani mkono ule, na nilipoushika nikaona aibu mpaka miguuni.

Tulishuka ngazi polepole, kwa sababu ya magoti ya mama.

"Hongera, mwanangu," akasema.

Nilitaka kumwomba radhi. Mimi, msemaji wa Alhamisi zote zile, sikupata pa kuanzia. Tulipofika chini akasimama, akashika ukuta.

"Aligonga mara moja tu," akasema. "Unakumbuka? Mara moja, halafu kimya. Nikadhani ameshakimbilia kwingine. Angegonga tena, mwanangu, haki ya Mungu ningefungua."

Aligonga mara tatu. Mara ya tatu alimwita mama kwa jina, na mkono uliokuwa mdomoni mwangu ukatetemeka, lakini wa kwenye komeo haukusogea.

"Mara moja, mama," nikasema. "Hata mimi nakumbuka hivyo."

Kisha akashusha pumzi, akaniuliza kama nimekula chochote tangu asubuhi.