Uwanja Unaochelewa Kuitikia

Kosa lilikuwa langu. Nilisema hivyo siku ile na leo nasema hivyohivyo.

Mdogo wangu wa kike huimba kwenye ukumbi wa viti sabini, na fundi mitambo wake ni mimi tangu siku ya kwanza. Ukumbi wenyewe una nguzo katikati na feni moja inayolia. Mpiga drams anakaa karibu naye kiasi kwamba fimbo ikimponyoka inampata mdogo wangu mgongoni. Akifumba macho na kuanza kuimba, hata wa kaunta huacha kugonganisha glasi. Mimi muziki ninaoujua ni huo.

Tukaitwa uwanjani. Saa tisa mchana, watu elfu arobaini, wimbo mmoja kabla ya wanamuziki wakubwa kupanda. Mwandaaji alimwambia mdogo wangu mbele yangu, "Ukiuweza, nakuchukua viwanja vyote sita vya ziara. Ukiharibu, tusilaumiane."

Asubuhi ya onyesho fundi wa jukwaa, mwanamke mfupi mwenye miwani, alimletea vidude vya kuvaa masikioni.

"Vaa, dada. Drams utazisikia humu, bila hivi utapotea."

Nikadakia mimi. "Mdogo wangu haimbi na pamba masikioni. Amezoea kusikia watu."

"Kaka, hapa si sebuleni kwenu."

"Sauti ni sauti."

Alinitazama kama unavyomtazama mlevi anayetafuta tundu la kitasa. Mdogo wangu naye akanitazama. Nikatikisa kichwa, akavirudisha. Kwenye mambo ya mitambo hanibishii.

Miksa, mashine yangu ya kupangia sauti, iliwekwa katikati ya uwanja, hatua themanini kutoka jukwaani. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili, nikaanza kutokwa jasho. Drams zilikuwa juu ya kichanja, nyuma kabisa. Pigo likitoka kwenye spika lilivuka uwanja, likagonga zege la upande wa pili, likarudi limechelewa. Ukumbini kwetu hakuna kinachochelewa. Naye, macho kafumba kama kawaida yake, alikuwa analifuata lile lililorudi, kwa kuwa ndilo lililokuwa na kishindo. Akabaki nyuma. Mpiga gitaa akapunguza mwendo amsubiri, mpiga drams akaendelea na safari yake. Wimbo mmoja ukawa nyimbo tatu.

Kwanza watu walicheka. Halafu ikaanza miluzi.

Nikashika redio ya kuongelea na jukwaani. "Mpelekee vile vidude!"

"Nimeshampa anayefuata," akajibu yule mwanamke. "Si ulikataa?"

Nikaiacha miksa nikakimbia. Nina kilo mia na goti bovu. Nilipita kwenye njia ya nyaya, watu huku na huku wakinizomea, mpaka chini ya jukwaa. Sakafu yake ilinifika kifuani.

"Fumbua macho! Fumbua!"

Nani asikie? Spika ilikuwa inaningurumia tumboni. Mdogo wangu alikuwa amesogea mbele, vidole vya miguu ukingoni. Nikamshika kifundo cha mguu.

Alishtuka, sauti ikakatika. Sikuachia. Masikio yangu sikuyaamini tena, nikakaza macho kwenye fimbo ya mpiga drams, na kila iliposhuka nikamminya.

Baunsa akanidaka kola. "Mzee, una wazimu? Achia mguu wa dada wa watu!"

"Ni dada yangu!"

"Wote husema hivyo!"

Shati likachanika kwapani. Wa pili akanikumbatia kiuno. Nikaendelea kuminya. Mapigo manne, matano, hakuna sauti yake. Nikasema basi, nimemmaliza mtoto wa mama yangu.

Kisha kisigino kikaanza kugonga chenyewe mkononi mwangu. Akaingia kwenye kiitikio sawasawa na fimbo. Mpiga drams akainua kichwa. Gitaa likajiunga. Miluzi ikapungua, ikaisha.

Alikuwa amefumbua macho. Hakunitazama mimi, alitazama mbali, juu ya kichwa changu. Aliimba mstari mmoja akanyamaza, akasubiri. Wale wa mwisho kabisa wakaurudisha, umechelewa, mzito, sauti maelfu. Ndipo akaimba unaofuata.

Nikaachia mguu. Mabaunsa wakanibeba kama gunia.

Nyuma ya jukwaa alinikuta nimekaa juu ya sanduku la nyaya. Akapandisha gauni kidogo. "Ona ulivyoniachia alama za vidole."

"Nisamehe, kosa ni langu. Jumamosi ukumbini nitakuwekea kiti, uimbe umekaa."

"Jumamosi sipo, kaka. Mwandaaji amenichukua, viwanja vyote sita. Twende wote, ila ya masikio yangu nitaamua mwenyewe."

Nikamwambia pale hapana muziki, ni makelele tu ya watu wasioonana.

"Wale wa mwisho, uliwasikia waliponiitikia?"

Niliwasikia.