Kombe Waliochimbwa bila Chokaa

"Hawali majani, Mama."

Mama alikuwa amechuchumaa kwenye tope, kijiti kilichochovywa chokaa kikiwa juu ya kitundu. Akakichomeka, akasubiri. Kombe mwembamba wa magamba mawili, mrefu kama kidole cha shahada, akaruka nusu mwili kutoka ardhini kwa mwasho. Mama akamdaka, akamtia kapuni, ndipo akaniangalia.

"Nani hawali majani?"

"Hao. Wanakula huu utando." Nikamwonyesha ile ngozi ya rangi ya dhahabu inayotanda juu ya tope maji yakipwa na jua likapiga. "Ni mwani, mdogo hata hauonekani. Majani ya mkoko hawayali, au wanayala kidogo mno."

Shangazi Bunruam, jirani yetu, aliyekuwa akichimba kando, akacheka. "Nok, kumbe chuoni walikufundisha kuwauliza kombe wamekula nini?"

Ndivyo hasa. Nina diploma ya maabara, na kazi yangu chuoni ilikuwa kukausha nyama ya viumbe wa pwani, kuisaga, na kuitia kwenye mashine inayopambanua kaboni nzito na kaboni nyepesi. Jani la mkoko lina ile nzito kidogo sana. Mwani wa tope unayo zaidi. Mnyama hubeba alama ya chakula chake mwilini, apende asipende. Ni kama mtoto aliyeiba sukari: huna haja ya kumuuliza, mtazame mdomo.

Tatizo lilikuwa kitambaa. Kilitundikwa mbele ya ofisi ya kijiji tangu mfanyabiashara mmoja, Bwana Thawat, alipoomba kibali cha kukata mikoko ya upande wa magharibi achimbe mabwawa ya kufugia kamba. Maneno yake aliyatunga Mama, na wanawake wote wachimbaji wakayapaka rangi: MKOKO UNAPIKA, KOMBE ANAKULA, SISI TUNAISHI. Kikao cha wilaya kilikuwa karibu, na chuo kilikuwa kimeniteua mimi nikasome majibu ya utafiti wa chakula cha kombe, kwa kuwa ni kwetu.

"Kombe hawa ndio waliokusomesha," Mama akasema. "Sasa wanamsomesha mwanao Phloi. Hayo majibu hayawezi kuchelewa kidogo? Gari likaharibika, umeme ukakatika..."

"Mama!"

"Nauliza tu."

Sikuendelea kubishana, maana macho yangu yalikuwa yameganda kwenye kijiti chake. Chokaa! Kombe wote wa utafiti walichimbwa na hawa wanawake, kwa njia yetu ya siku zote. Chokaa yetu hutokana na magamba yaliyochomwa, na gamba ambalo halikuungua sawasawa bado lina kaboni yake, nzito kuliko hata ya mwani. Chembe zikiganda kwenye nyama, mashine itadanganyika, iseme mwani hata kama ni majani. Kwingine huchimba kwa jembe; nani maabara angewaza jambo kama hilo? Nilihisi moyo wangu ukiruka kama kombe.

"Kesho mnachimba bila chokaa," nikasema.

"Tuwabembeleze?" Bunruam akauliza. Akainama kwenye kitundu. "Njoo baba, toka unywe chai."

Walichimba kwa mikono mitupu. Magamba ya kombe hao yanakata kama wembe, na wanawake walirudi wamechanika vidole, wakinitukana matusi yote ya pwani. Lakini hakuna aliyekataa. Niliiosha ile nyama kwa asidi ili chokaa yoyote iishe, nikaipima upya. Siku zile Mama alikuwa akinipigia simu kila jioni. Hakuuliza majibu. Aliuliza kama nimekula.

Namba zilisogea unywele mmoja. Utando wa tope. Si majani.

Kikaoni nilisoma hivyo hivyo. Mama alikaa mstari wa mbele, plasta kwenye vidole. Bwana Thawat alikuwa mtu wa adabu. Alikutanisha viganja akaniinamia kabla ya kuuliza.

"Kwa hiyo, dada, msitu hauwalishi kombe?"

"Si kwa majani yake."

"Ukikatwa, watapungukiwa na nini?"

"Mizizi ndiyo inayolituliza tope. Pasipo tope tulivu, utando hauoti."

"Hilo nalo umelipima?"

Mama hakunitazama. Alitazama vidole vyake.

"Hapana," nikasema. "Hilo sikulipima."

Maneno hayo ndiyo waliyoondoka nayo wajumbe wa kikao.

Ningeulizwa leo ningejibu vilevile. Nimewalea wanangu kwa kuwaambia kwamba usilolijua useme hulijui, na siwezi kula matapishi yangu. Lakini sikaangi tena kombe kwa pilipili na mrihani bila kumwona Mama akikishusha kile kitambaa peke yake, akikikunja pembe kwa pembe kama shuka la mgonjwa ambaye hatarudi.

Mikoko ya magharibi ilikatwa kiangazi kile kile. Mvua zilipokuja, maji yalipita pale kwa nguvu ambayo hatukuizoea. Mwaka uliofuata ukitembea pale mguu hauzami. Mchanga mtupu. Mama hakunilaumu hata mara moja. Angenilaumu ingekuwa nafuu.

Kisha asubuhi moja alifika kwangu mjini Mae Klong bila taarifa. Aliweka bakuli lenye kifuniko juu ya meza. Vidole vyake vilikuwa vimechanika upya.

"Umechimba bila chokaa," nikasema.

"Nisije nikaidanganya mashine yako. Hao ni wa magharibi." Akalisukuma bakuli kuelekea kwangu. "Pima lile ambalo hukulipima."

Nikafunua. Kombe walikuwa watatu, wadogo kama njiti za kiberiti.

"Mama, hawa hawatoshi kupima. Wengine wako wapi?"

"Nilichimba tangu maji yalipokupwa mpaka yakajaa," akasema, akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akaanza kunawa mikono.