Treni ya Kwenda kwa Mama

Shangazi aliichukua treni ya kwanza, akaigeuza tumbo juu, akavuta gurudumu moja. Gurudumu likabaki mkononi mwake. Aliliweka juu ya kaunta mbele ya muuza duka, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichokiokota.

"Lete nyingine," alisema.

Huyu Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale. Ndivyo alivyoitwa na watoto wa kituo chake cha kulelea, chumba kimoja kikubwa nyuma ya mtaa wa mafundi, ambako wazazi huwaacha watoto wao wadogo wakienda kazini. Vitu vya kuchezea vya kituo vilikuwa vimekwisha. Vilikuwa vya plastiki, vikavunjika vyote, na vipande vyake vikawa vinaokotwa midomoni mwa watu wasiojua kutema. Safari hii alikuwa ameapa kununua kitu cha kudumu, na alikuja na mkaguzi wake: binti wa miaka mitatu aliyeitwa Kijiko, kwa kuwa hakuonekana hata siku moja bila kijiko mkononi. Ilikuwa Jumamosi na kituo kilikuwa kimefungwa, lakini mama yake alikuwa kazini Jumamosi vilevile, sasa mtoto angewekwa wapi?

Muuza duka akaleta treni ya betri. Ikawasha taa, ikapiga honi, ikaimba, ikaanza kuzunguka yenyewe juu ya kaunta. Kijiko aliitazama mikono imemning'inia.

"Kizuri chajiuza," Shangazi alisema, "kibaya chajitembeza."

"Mama, watoto wa siku hizi ndicho wanachotaka."

"Huyu ni wa siku hizi. Hebu mtazame."

Kijiko alikuwa anapiga miayo.

Ya mbao ilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa, imejaa vumbi. Shangazi aliiangusha sakafuni makusudi. Ikalia ko, ikatulia, nzima. Akaisugua kwa leso yenye mate. Leso ikatoka bila rangi. Magurudumu yalishikwa na chuma. Sumaku za kuunganishia mabehewa zilizamishwa ndani ya mbao, haziwezi kung'olewa hata kwa meno, na hilo alilijua kwa kuwa alijaribu kwa meno. Hakukuwa na kipande cha kupita kooni. Ndipo akampa mkaguzi. Kijiko akalaza kijiko ndani ya behewa, akachuchumaa, akasema "chuku chuku chuku" mpaka mwisho wa duka, akarudi.

"Hiyo haifanyi kitu, mama," muuza duka alionya. Alikuwa mtu mwaminifu.

"Ndiyo maana naitaka. Ikifanya yenyewe, wao watafanya nini?"

Alinunua treni, reli za mbao za kuunganisha, daraja, na vijumba visivyochorwa kitu, ambavyo leo vinaweza kuwa hospitali na kesho bucha.

Watoto walizungusha reli chumba kizima, na vituo wakavipa majina ya mahali wazazi wao wanakopotelea mchana. Kulikuwa na Kituo cha Baba Nyama, na Kituo cha Benki Anayofagia Bibi, na mbali kabisa, chini ya kabati, Kituo cha Mashati. Hicho kilikuwa cha Kijiko. Mama yake alishona kola katika kiwanda cha mashati, kola tu, tangu Kijiko akiwa tumboni.

Siku moja treni iliingia chini ya kabati ikakawia kutoka. Ilipotoka, behewa la nyuma lilikuwa limejaa vifungo vya shati. Shangazi alivitia kwenye kopo akaliweka juu, kwani vifungo humezwa.

Sasa, shida ya Mama Kijiko mtaa mzima uliijua. Kiwandani kazi inaisha jioni, au ndivyo alivyoambiwa alipoajiriwa. Lakini msimamizi hafungui lango mpaka oda iishe, na oda haijui kuisha. Hii ikikatika inaletwa nyingine. Basi watoto wote wakichukuliwa, Kijiko hubaki. Na Shangazi si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na mgonjwa. Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja, na asipogeuzwa kitandani mapema, maumivu hayamwachi alale.

"Mwanangu," alimwambia Mama Kijiko jioni moja mlangoni, mkoba uko begani tayari. "Ukichelewa tena, sitaweza kuendelea kumpokea. Nampenda huyu mtoto, lakini mzee wangu analia."

"Naelewa, Shangazi."

"Utafanyaje?"

"Sijui. Nikitoka mapema wananifukuza mimi. Nikichelewa unamfukuza yeye. Nikimfungia chumbani peke yake, hizo kola nitazishona kwa akili gani?"

Hakulia. Alimbeba mtoto akaondoka, na Shangazi alijiona mtu mbaya njia nzima.

Kesho yake Kijiko alibaki tena. Shangazi alikuwa anapekua mkoba akitafuta funguo aliposikia mtoto anatangaza kwa sauti ya kikubwa: "Mashati! Wanaokwenda Mashati!" Kisha akapanda behewa la kati. Shangazi alifungua mdomo kumwambia atalivunja, lakini behewa halikuvunjika. Kijiko alikaa akaenea, miguu na yote. Ama treni ilikuwa imekua, ama mtoto alikuwa amepungua. Shangazi hakupima, maana funguo zilikuwa bado hazijaonekana. Treni ikapita chini ya mlango.

Mtoto wa watu haachwi akasafiri peke yake. Shangazi alifunga kituo akaifuata. Treni ilikwenda ukingoni mwa barabara, ikiokota reli za nyuma na kuzitandika mbele, mwendo wa mwanamke mwenye mkoba. Kwenye taa nyekundu ilisimama. Mbwa aliinusa akaona haimhusu. Fundi viatu alimsalimu Shangazi, akamuulizia mgonjwa, akasogeza kigoda chake ili reli zipate nafasi.

Langoni mwa kiwanda, mlinzi aliinama akatazama.

"Watoto hawaruhusiwi," alisema.

"Huyo si mtoto, kaka. Huyo ni abiria."

Mlinzi alifikiri. Alikuwa ameagizwa kuzuia watoto, wachuuzi, na ndugu wanaoleta habari za misiba. Treni hakutajiwa.

"Basi apite," alisema, "mradi asishukie hapa."

Shangazi alimpungia Kijiko mkono, akageuka kwenda kwake.

Mama Kijiko alikuwa na kola chini ya sindano alipohisi mtu anamgusa kifundo cha mguu. Alichungulia chini ya meza. Mwanawe alikuwa amekaa juu ya vipande vya kitambaa, ukubwa wake uleule wa kila siku, na treni imeegeshwa pembeni.

"Umekula?"

"Eeh."

"Shangazi yuko wapi?"

"Amekwenda kumgeuza babu."

Mama Kijiko alishusha pumzi, na ilikuwa pumzi ya zamani sana, hata yeye mwenyewe alishangaa ilivyokuwa ndefu. Mabega yakashuka. Mshonaji wa mashine ya jirani, aliyezoea kumwona akitupia jicho mlangoni kila baada ya mshono, alimuuliza kama kuna habari njema.

"Mtoto amefika," alisema.

"Mungu mkubwa," jirani akajibu, akaendelea na kola yake.

Habari njema haina miguu lakini hufika. Haukupita muda, wenzake Mama Kijiko wakawahamishia watoto wao kwa Shangazi. Treni ikaongezewa mabehewa, na kila jioni ikawa inaingia kiwandani abiria wamejaa, mmoja analia, wawili wanagombea dirisha ambalo halikuwepo. Hakuna tena aliyetazama saa ya ukutani. Kola zilinyooka kuliko zamani. Shangazi naye alifika kwake kungali na mwanga, na mumewe akaanza kulala usingizi wa haki, hata utani ukamrudia. Alidai mkewe anakonda kwa kufukuzana na treni.

Siku moja msimamizi alishuka kutoka ofisini, akasimama akaitazama treni ikipita katikati ya mashine. Kesho yake alimngoja Shangazi langoni. Shangazi alijua mambo yameharibika.

"Mama, hii treni uliichagua wewe?"

"Mimi."

"Ni imara?"

Kwa swali hilo Shangazi hakuweza kusema uongo. "Nimeijaribu kwa mikono na kwa meno. Ikitunzwa, hawa watoto watakuja kuwapandisha watoto wao."

Msimamizi alifurahi, uso ukamkunjuka wote. Hakuwa mtu mkali, alikuwa na oda tu. Aliagiza zulia litandikwe chini ya meza ya kukatia, na ukuta wa pale upakwe rangi ya anga. Kazi ilipokamilika, alipanda juu ya kiti akatangaza kwamba, kwa vile sasa hakuna mwenye haraka ya kuwahi mtoto, lango litakuwa linafunguliwa baadaye kidogo. Wanawake walipiga makofi. Zulia lilikuwa zuri kweli.

Jioni moja watoto walichoka kucheza. Kijiko akapanda behewa la kati akatangaza, "Nyumbani! Wanaokwenda nyumbani!" Wakajazana wote, treni ikakata kona ya meza ya vifungo, ikaelekea langoni. Mlinzi aliinama. Kuingia kwa treni hakukukatazwa. Kutoka kabla ya oda kuisha kulikatazwa kwa kila aliye ndani, na hapo hakukuwa na cha kufikiria. Alimwomba radhi kila abiria peke yake, maana alilelewa vizuri, na treni ikageuza.

Kijiko akarudi chini ya meza.

"Mama, lango limefungwa."

"Najua, mama. Huwa linafungwa."

"Litafunguliwa?"

"Rundo hili likiisha."

Alipokuwa anasema hivyo, mtu alikuja na rundo jingine akalibwaga juu ya lile. Mama Kijiko alirudisha mguu mmoja kwenye pedali. Juu ya ule mwingine mwanawe alilaza kichwa, kizito, chenye joto, na haukupita muda akaanza kukoroma.

"Miaka yote hii nilikuwa nafungiwa peke yangu," alimwambia jirani, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Sasa tunafungiwa sote. Si haba."

Jirani alikubali kwamba si haba, akamwomba uzi mweupe.