Mzinga wa Abdulghani

Mzinga ulikuwa ukivuma chini ya turubai, nasi tumesimamishwa mbali kama wezi wa kuku. Abdulghani, kamanda wa mgambo wa Tongoni, mchumba niliyechaguliwa na baba, akatutuliza: "Msiogope. Mashine inapumua."

Mashine.

Ulikuwa wakati wa vita vya Kagera. Vita vyenyewe viko huko magharibi, lakini Abdulghani aliamini adui hapati usingizi kwa kumuwaza yeye. Akatuchimbisha handaki, kisha akaenda wilayani kuomba mzinga wa kutungulia ndege. Sijui huko walimsikiaje. Vuli ilipokatika, lori la kilimo likashusha gogo refu lililoviringishwa gunia. "Mzinga wenu huo," dereva akasema, akaondoka. Kamanda hakulifungua, siri ya jeshi haifunguliwi ovyo. Akalipandisha juu ya paa la ghala la mbata, akaweka mlinzi.

Baba yangu, Mzee Mselem, kichwa kikamvimba: mkwe mwenye mzinga. Harusi ikapangwa baada ya Maulidi. Mbuzi wa karamu angalau huvutwa kwa kamba. Miye nilivutwa kwa "ndiyo" ya baba.

Ijumaa moja watu wametoka msikitini, kindege cha shamba la mkonge kikatokea upande wa Pongwe, kinakwenda zake. Kamanda akaparamia ngazi, filimbi mdomoni.

"Mzee wangu, panda ushuhudie mkweo anavyotungua."

Baba akapanda, kanzu kaishika kwa meno. Abdulghani akavuta turubai, akararua gunia, akatafuta pa kufyatulia. Hakupaona. Akaligonga gogo kwa rungu.

Ndege ikapita. Nyuki hawakupita.

Kamanda hakushuka kwa ngazi. Alijitupa handakini, na nyuki nao wakaingia, maana handaki halina mlango. Mwanamume aliyetaka kupigana na mbingu tulimsikia akimwita mama yake, tena kwa jina la nyumbani. Niliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Watu walidhani nalia.

Jioni baba alikaa barazani, jicho moja limevimba kama dodo, ananitazama kwa lililobaki.

"Semeni mwanangu, ulijua ni nyuki?"

"Tangu walipohamia."

"Mbona hukusema?"

"Baba, kuna aliyeniuliza?"

Kesho yake, jicho bado halijafunguka, baba akavaa kanzu akaenda kuirudisha posa.