Seli Zisizosikia Hodi

Wifi yangu ana mkono wa birika. Kwake chochote kinachobaki sufuriani hakimwagwi, na kaka yake, yaani mume wangu, amelizoea hilo. Kazi ya maabara nilimtafutia mimi. Kwa hiyo siku virusi vilipogoma kukua, mkuu wetu alinitazama mimi kwanza.

"Seli zote ziko nzima," alisema. "Huyu wifi yako ameua virusi vyangu. Asiponipa sababu kabla ya Ijumaa, aende nyumbani."

Wifi machozi yalimlengalenga. Nikamvuta mpaka kwenye sinki. "Haya, sema. Umefanya nini?"

"Usinifokee, wifi."

"Bado sijaanza."

Akasema. Kuna sahani tulizotia virusi vilivyouawa kwa mionzi. Maji ya kulishia seli za humo aliyaona bado mekundu, mazuri, akaona uchungu kuyamwaga. Akayamimina kwenye sahani mpya, siku moja kabla ya kutia virusi hai.

Mkono uliniwasha, kisha nikacheka mpaka nikashika ukuta. Seli ikiguswa na virusi, hata vilivyokufa, hutoa protini iitwayo interferoni. Yenyewe haiui kitu. Inapita kwa majirani ikipiga hodi, na kila seli ina kipokezi nje cha kuisikilizia. Ikishasikia, inajiandaa ndani, na virusi vikiingia haviwezi kuzaana. Mwanamke huyu alizionya seli zangu mapema!

Sasa tumthibitishie mkuu vipi? Tulikuwa na seli nyingine zilizotengenezwa bila kipokezi hicho. Tuliziita Wabishi, kwa kuwa hazisikii la mtu. Tukazipa maji yaleyale, na seli za kawaida vilevile, kesho yake tukazitia zote virusi hai. Wifi hakula vizuri siku hizo, na mimi roho yangu haikutulia.

Ijumaa asubuhi aliinamia darubini. Za kawaida zilikuwa nzima. Akahamia kwa Wabishi.

"Zimekufa," alinong'ona. "Zote, wifi."

Nikamkumbatia, tukacheza kati ya meza za maabara. Mkuu akafungua mlango.

"Kuna nini humu?"

"Msiba, mkuu," nikamwambia. "Njoo uone maiti."

Akatazama sahani zote, na maelezo akayasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Wifi. "Hayo maji, yamebaki?"

Wifi akafungua friji. Chupa zilikuwa zimepangwa vizuri, zimefunikwa. "Sijamwaga hata tone."

Mkuu akamvutia kiti. "Kaa, mama. Tuanze kuyachunguza leo."

Nilifurahi mpaka nikasahau kumfokea.