Mlango wa Nyuma wa Kiwanda

Mkutubi alikuwa na kazi ya pili isiyo na mshahara: kupitia makala za ensaiklopidia huria ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandikia, na kuamua ipi imekomaa. Makala changa hubandikwa alama ya "mbegu". Ikikomaa, alama inaondolewa.

Asubuhi hiyo mjomba wake aliingia maktaba, akavuta kiti bila hata salamu.

"Mpwa wangu, hiyo mbegu itakaa mpaka lini?"

Makala yenyewe alikuwa ameiandika mjomba: historia ya kiwanda cha nguo alikokuwa msimamizi wa zamu. Mashine, rangi, idadi ya mafundi, picha kumi na moja, vyanzo chungu nzima.

"Imeshiba hii," alisema. "Kuna vijimakala vifupi mmevipitisha."

"Urefu si hoja, mjomba. Msomaji akimaliza asibaki na swali kubwa."

"Swali gani?"

Mkutubi akamgeuzia skrini. Moto ulioteketeza kiwanda ulikuwa na mstari mmoja tu: *Moto ulizuka, wafanyakazi tisa wakafariki.*

"Atauliza kwa nini hawakutoka."

Mjomba alikunja uso. "Wewe ulikuwa darasa la tatu. Usinichimbe. Ondoa hiyo alama, la sivyo usiniite mjomba tena."

Kidole cha mkutubi kilikuwa juu ya kipanya. Kubofya mara moja tu, yaishe, na nani angejua? Huyu ndiye aliyemlipia shule baada ya baba yake kufariki. Akaondoa mkono, akafungua droo, akatoa ripoti ya tume iliyochunguza ule moto. Alikuwa ameisoma jana yake, usingizi ukampaa.

"Ukurasa wa thelathini na moja," alisema. "Mlango wa nyuma ulitiwa kufuli kwa amri ya uongozi, vitambaa visiibwe. Funguo alikuwa nazo..."

"Msimamizi wa zamu," mjomba alimalizia.

Msomaji wa meza ya jirani aliinua kichwa, akakiinamisha tena.

"Zilikuwa mfukoni," mjomba alisema polepole. "Nilitoka kwa mbele, mbio. Nilidhani wote wako nyuma yangu."

"Sitalitaja jina lako, mjomba. Ripoti nayo haikulitaja."

"Sogea."

Akavuta kibodi. Aliandika kwa kidole kimoja, akifuta na kurudia, karibu nusu saa kwa aya moja. Mkutubi aliilinganisha na ripoti neno kwa neno, kisha akaiondoa alama. Mjomba aliondoka bila kuaga.

Siku tatu baadaye, mgeni aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano ya makala ile: "Mama yangu alikuwa mmoja wa hao tisa. Huyo msimamizi ni nani?"

Mkutubi alilisoma swali mara mbili. Lakini jibu lilikuwa limeshawekwa. Mjomba alikuwa ameandika jina lake kamili, na chini yake namba ya simu.