Gurudumu la Tatu Liko Katikati

Mtu akikuambia amekuja kukuuliza, mtazame mkononi kwanza. Kama kalamu imeshafunguliwa, huyo hakuja kuuliza. Ndivyo Mzee Honi alivyojisemea asubuhi ile kwenye uwanja wa zahanati, mikono nyuma, akiyaangalia matela mawili yaliyoletwa ili lichaguliwe moja.

Jina la Honi alipewa na kazi. Alikuwa dereva wa bajaji ya wagonjwa, yenye kitanda kifupi nyuma na turubai juu. King'ora haikupewa, kwa hiyo njia nzima dereva alibonyeza honi na watu wakapisha. Sasa honi ilikuwa kimya siku ya nne. Klachi ilikuwa imekufa, na bajaji ilikuwa bandani ikingoja kupelekwa gereji ya makao makuu, mwendo wa nusu siku kwa gari.

Kungoja huko ndiko kulikomchoma. Mwaka uliopita ilikufa vivyo hivyo, na wakubwa wakaagiza ifungwe kamba nyuma ya lori. Mzee Honi akawaambia kwamba chombo cha miguu mitatu hakivutwi kwa kamba, kikifika kwenye kona kinalala. Akajibiwa kazi yake ni kushika usukani, si kufundisha watu. Kona ya kwanza tu, bajaji ikalala ubavu, na yeye akatambaa kutoka chini ya turubai goti likivuja damu. Ikarudishwa bandani, ikakaa wiki tatu ikisubiri kitu walichokiita "usafiri unaofaa".

Katika wiki hizo tatu mkewe akashikwa na tumbo. Dereva wa wagonjwa wa watu wote akambeba mkewe kwa mkokoteni wa kubebea mchanga, akiusukuma mwenyewe na kuwapigia watu honi kwa mdomo. Walipofika hospitali kubwa daktari alisema neno moja ambalo halihitaji shule: mmechelewa. Wakubwa walituma barua ya rambirambi yenye muhuri mzuri. Barua ilifika upesi. Hiyo haikuhitaji tela.

"Mzee wangu, sogea," aliita Mkuu wa Manunuzi, mwanamume wa makamo mwenye viatu vinavyong'aa kuliko tela lenyewe. "Tumekuja kuwashirikisha watumiaji. Wewe ndiye mtumiaji. Unalionaje hili?"

Tela alilolishika bega lilikuja likivutwa na gari la ofisi. Lilikuwa jekundu, la kupendeza, na lilikuwa na vijia viwili vya chuma vya kupitisha matairi. Kati ya vijia hivyo hapakuwa na kitu, ukichungulia unaona ardhi na mchwa wanaojiendea zao. La pili, lililoletwa na fundi wa kuchomelea nyuma ya pikapu yake, lilikuwa limechakaa rangi. Lakini sakafu yake ilikuwa ya mbao nene ubavu hadi ubavu, na mlango wa nyuma ukiulaza chini unakuwa daraja.

"Hilo jekundu ni la kubebea magari madogo," alisema Mzee Honi.

"Hasa! Magari ya magurudumu manne. Sasa nikuulize, mzee wangu. Anayebeba manne atashindwa na matatu? Matatu si pungufu ya manne?"

Karani wake akacheka na kutikisa kichwa, kama mtu aliyesikia hekima.

Mzee Honi hakucheka. Alitoa mfukoni futi ya kushonea, ile ya kitambaa ya marehemu mkewe, aliyepima nayo magauni ya nusu ya mtaa. Akainama, goti bovu likimlalamikia, akapima uwazi wa tela. Kisha akaenda kuipima bajaji.

"Heh! Mzee anatushonea suruali ya tela!" alisema karani.

"Ningekushonea wewe mdomo, mwanangu, ila futi hii haifiki," alijibu Mzee Honi bila kuinua kichwa. "Mkubwa, uwazi huu ni inchi thelathini. Gurudumu la mbele la bajaji linakuja kwenye inchi ya kumi na tano. La tatu liko katikati, mkubwa, kama kitovu. Litakanyaga nini? Hewa?"

"Mambo ya kitaalamu hayapimwi kwa futi ya cherehani."

"Basi tuyapime kwa bajaji. Ile pale. Tuipandishe."

Muuguzi mkuu, mama mnene asiyependa maneno mengi, alikuwa ametoka na kusimama mlangoni. "Ipandisheni tuone," alisema. "Nina mjamzito ndani anakaribia siku zake. Sitaki hadithi."

Wakaisukuma, fundi upande mmoja, karani upande wa pili, Mzee Honi kwenye usukani. Gurudumu la mbele likapita chini, kati ya ngazi mbili za kupandia tela, likagonga ekseli na kukwama kama mbuzi aliyeingiza kichwa kwenye uzio. Magurudumu ya nyuma yalikuwa bado hayajaonja chuma.

Fundi akajikuna kisogo. Mkuu wa Manunuzi akajipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Dosari ndogo. Tutaweka ubao katikati."

"Ubao uko wapi?"

"Utatafutwa."

"Kama ule usafiri unaofaa ulivyotafutwa?" Sauti ya Mzee Honi ilianza kupanda. "Na huo ubao ukivunjika njiani, nani atakuwa amelala ndani akisubiri? Mkeo?"

"Mzee, tuheshimiane. Weka dole hapa tuondoke."

Karani akaleta fomu na pedi ya wino. Shule Mzee Honi aliiacha darasa la pili. Alitoka huko na tarakimu tu, herufi zikabaki na mwalimu. Lakini tarakimu alizijua sawasawa, za mita ya bajaji na za futi. Akaitazama fomu. Sahihi tatu zilikuwa zimeshajaa, wino umekauka, na pembeni ya kila moja palikuwa na tarehe.

"Sista, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tisa, baba."

"Hapa pameandikwa kumi na moja. Mara tatu." Aliinua macho. "Mmelinunua wiki iliyopita. Leo mmekuja kutafuta dole la kulifunikia aibu."

Karani ghafla akaona kitu cha maana sana angani.

"Ni utaratibu tu," alisema Mkuu wa Manunuzi, sasa kwa sauti ya chini.

"Utaratibu! Mke wangu naye alikufa kwa utaratibu!"

Alikandamiza dole gumba kwenye pedi, kwa nguvu, wino ukaruka hadi kwenye shati lake. Mkuu wa Manunuzi akapumua na kunyoosha fomu. Mzee Honi akampita. Akaenda hadi kwenye tela la fundi, lile lililochakaa, akaligandamiza dole kwenye ubao wa sakafu.

"Mtumiaji ameshachagua."

"Hiyo haina maana yoyote kiofisi!"

"Lete hiyo fomu," alisema muuguzi. Akaandika mstari mmoja kwenye nafasi ya dole, akapiga muhuri wa zahanati na kuusoma kwa sauti: "Mtumiaji amekataa. Gurudumu la mbele halina pa kukanyaga." Akairudisha fomu. "Hii nayo ipelekeni kiofisi."

Fundi akakohoa. "Mimi narudi zangu makao makuu leo hii, na tela langu likiwa tupu. Kubeba si kuuza, mkubwa. Sihitaji fomu."

Wakaichomoa bajaji, wakaipandisha kwenye daraja la mbao. Ilipanda mara moja. Mzee Honi akaifunga kamba tatu, kila gurudumu na yake, akazikagua mara mbili, kisha akapanda pikapu.

Mkuu wa Manunuzi akasogea dirishani mwa pikapu. "Mzee wangu, usinielewe vibaya. Hili jekundu tutalirekebisha."

"Mwaka jana ndio mngerekebisha," alisema Mzee Honi, akiizungusha futi vidoleni na kuirudisha mfukoni. "Fundi, twende. Kwenye kona ile polepole."